Nafasi 4,000, watahiniwa 140,000

Serikali ya Uganda huwalipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka waingie vyuo vikuu vya umma. Inawalipia ada, na wale wasiokaa bwenini wanapewa posho ya kula na kulala. Nilipoanza kazi ya ualimu nilikuta namba hiyo inatajwa, na leo bado ndiyo inayotajwa. Hapo katikati wamepita mawaziri wa elimu kadhaa, vyuo vikuu vya umma vimeongezeka zaidi ya mara mbili, wilaya zimegawanywa na kugawanywa tena, na baadhi ya watoto niliowafundisha mwanzoni sasa wananiletea watoto wao. Namba imekaa palepale.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu, tunapotafuta mahali bajeti ilipotuumiza, tunatafuta fungu lililopunguzwa. Tunasubiri Juni, waziri wa fedha anasoma, redio zinataja matrilioni, kisha tunaulizana kama elimu imepanda au imeshuka. Bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 72 na ushei. Ukisikia namba kubwa kama hiyo huwezi kujua kwamba umenyimwa kitu. Lakini mtoto anakua kila mwaka na shati ni lilelile, na hakuna aliyewahi kusoma hotuba akasema "tumepunguza shati."

Mimi nafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari wilayani Tororo, si mbali na mpaka wa Malaba. Huku Kiswahili tunakiishi: ndicho cha madereva wa malori, cha mawakala wa forodha, cha akina mama wa soko, cha askari na familia zao kambini. Wanafunzi wangu wengi wanatoka nyumba za namna hiyo. Nao, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hunijia na karatasi tuketi tupige hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii, na ningependa kila mzazi aijue, kwa sababu ndipo bajeti inapomgusa mtoto mmoja mmoja. Katika mtihani wa UNEB, baraza la taifa la mitihani, somo kuu likipata A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Chuo hakijumlishi pointi hizo hivihivi. Kila kozi ina masomo yake ya lazima, nayo huzidishwa kwa 3. Somo linalohusiana huzidishwa kwa 2. Yale madogo, kama General Paper na kompyuta, huhesabiwa mara 1. Halafu wanarudi nyuma hadi kidato cha nne: kila distinction inaleta 0.3, kila credit 0.2, kila pass 0.1. Msichana anaongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990 kwa ajili ya kuinua idadi ya wanawake Makerere, na kwa maoni yangu ni moja ya mambo ya maana kabisa chuo kile kilichowahi kufanya.

Sasa chukua binti mmoja niliyemfundisha, aliyefanya mtihani wa mwaka 2024. Kiswahili alipata B, Historia C, Dini C. Alitaka kuwa mwalimu, kozi ya ualimu wa sanaa, masomo ya kufundishia Kiswahili na Historia. Tukaandika nyuma ya daftari lake: Kiswahili 5 mara 3, kumi na tano. Historia 4 mara 3, kumi na mbili. Dini 4 mara 2, nane. General Paper moja, kompyuta moja. Jumla 37. Kidato cha nne alikuwa na distinction tano na credit nne, yaani 2.3. Tunafika 39.3. Ongeza 1.5 ya msichana: 40.8. Aliiandika ile 40.8 kwa wino mwekundu, akaizungushia duara, akaniuliza, "Mwalimu, hii inatosha?"

Hapo ndipo mwalimu anapokosa la kusema. Katika utaratibu huu hakuna alama inayotosha yenyewe kwa yenyewe. Alama ya mwisho ya kuingilia haipangwi na mtu kabla. Wanawapanga waombaji wa kozi kutoka juu kwenda chini, wanahesabu nafasi zilizolipiwa na serikali, na pale zinapoisha ndipo mstari unapochorwa. Kama kozi ina nafasi 30, wa thelathini ndiye mstari. Kama mwaka uliofuata waombaji wazuri wameongezeka na nafasi ni zilezile 30, mstari unapanda, na mtoto mwenye alama ambazo zingemwingiza kaka yake anabaki nje bila kuwa amefanya vibaya kuliko kaka yake. Wazazi wengi huku wanadhani watoto wa siku hizi wamelegea. Hawajalegea. Wamezidi kuwa wengi mbele ya mlango uleule.

Nao wamezidi kwa sababu serikali yenyewe iliwaita, na iliwaita vizuri. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997. Mwaka 2007 ikaja ya sekondari, tukiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Mwaka 2012 mpango ukafikishwa hadi kidato cha tano na cha sita. Watoto wa wauza mkaa na wa askari wa cheo cha chini, ambao zamani wangeishia darasa la saba, wakaanza kufika kidato cha sita. Waliosajiliwa kwa mtihani wa kidato cha sita mwaka 2024 walipita 140,000. Zaidi ya nusu hupata angalau masomo makuu mawili, ambayo kisheria ndiyo yanayomfanya mtu astahili kuomba digrii. Weka 4,000 mbele ya umati huo: hata watatu katika kila mia hawafiki. Ngazi tatu za chini zimepanuliwa, na ya juu imeachwa na upana wake wa zamani.

Tuliofika shuleni kabla ya hapo tuliwasikia wakubwa wetu wakisimulia Makerere ya zamani, ile iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970. Aliyekubaliwa alisomeshwa, akalishwa, akapewa na fedha ya vitabu na nauli. Waliingia wachache sana, na sitaki kuipamba enzi hiyo kuliko ilivyokuwa. Mtoto wa Karamoja au wa huku mpakani alikuwa nadra kuonekana pale. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilianza kuondoa posho hizo. Wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wawili pale Makerere. Mwaka 1992 chuo kikaanza kupokea wanaojilipia, wakianza na masomo ya jioni. Kabla muongo ule haujaisha, wanaojilipia walikuwa wengi kuliko wa serikali.

Tangu hapo, kubana bajeti kwa Uganda hakufungi chuo. Nchi nyingine serikali ikipunguza fedha, chuo kinapunguza idadi ya wanaoingia. Sisi idadi inaweza hata kuongezeka. Kinachobadilika ni nani anayelipa. Kwa hiyo ukiuliza nafasi ya mtoto wako kukubaliwa ikoje baada ya bajeti fulani, jibu la kweli lina sehemu mbili: barua ya kukubaliwa ataipata karibu kwa hakika kama ana masomo makuu mawili na ameomba kozi inayomfaa, kuingia darasani ni habari nyingine.

Yule binti barua aliipata. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya ufadhili wa kitaifa, wala ya wilaya, lakini wiki chache baadaye akapewa nafasi ya kujilipia katika kozi ileile aliyoiomba. Mama yake anauza nguo za mitumba sokoni, na alinipigia akishukuru kwa sauti ya juu kiasi kwamba nililazimika kuitenga simu na sikio. "Mwalimu, ameingia! Barua imekuja!" Nikamwambia, "Mama, hongera sana. Hebu fungua ukurasa wa pili." Ukurasa wa pili ndio wenye ada. Kulikuwa na ada ya masomo ya muhula, kisha orodha ndefu ya ada ndogondogo: usajili, mitihani, maktaba, kitambulisho, afya, chama cha wanafunzi. Ukijumlisha na chumba cha hosteli na chakula, muhula wa kwanza peke yake ulipita milioni moja na bado hesabu inaendelea. Alinyamaza, halafu akauliza kama chuo kinakubali kulipwa kidogokidogo kama anavyolipa jumla kwa wauzaji wa marobota. Kinakubali kwa kiasi, lakini asiyemaliza hafanyi mtihani.

Hivi sasa yule binti yuko Malaba, anaandika fomu za forodha kwa wakala mmoja. Ana akili, kazi anaiweza. Ila katika takwimu za mwaka ule yeye ni mtu "aliyekubaliwa chuo kikuu."

Ada hizo nazo zina uhusiano wa moja kwa moja na Hazina. Chuo cha umma kinaishi kwa mifuko miwili, wa serikali na wa wanafunzi. Wa kwanza ukidorora, wa pili unabanwa. Mwaka 2018 Makerere ilipitisha mpango wa kupandisha ada kwa asilimia 15 kwa kila kundi jipya linaloingia, kwa miaka mitano mfululizo. Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana, wasichana wakiwa mbele, na askari wakaingia mpaka mabwenini. Nilikuwa na wanafunzi wangu wa zamani pale, na walinitumia ujumbe usiku wakiwa wamejifungia vyumbani. Chuo kilieleza kwamba gharama zimepanda na ada hazijapandishwa kwa muda mrefu. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Na kwa nini gharama zote mpya zibebwe na mtoto anayeingia mwaka wa kwanza, ambaye hakuwepo wakati maamuzi yanafanyika wala hana chama cha kumsemea? Hilo sijawahi kulisikia likijibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalijui. Ada anayolipa mwanafunzi wa kujilipia haiendi moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Inalipwa kwa namba ya malipo ya mamlaka ya mapato, URA, inaingia kwenye mfuko mkuu wa serikali, kisha inatolewa kwa chuo kufuatana na bajeti. Nia ilikuwa nzuri, fedha za umma zionekane. Lakini maana yake ni kwamba Hazina ikichelewesha mgao wa robo mwaka, hata fedha iliyotolewa na mama wa mitumba inasubiri foleni pamoja na nyingine. Wakati huo mhadhiri wa muda hajalipwa na dawa za maabara hazijanunuliwa.

Uhaba wa wahadhiri ni sehemu ya swali hili la kukubaliwa chuoni, ingawa watu hawauhusishi. Vyuo vyetu vya umma vimeishi miaka mingi na nafasi nyingi za wahadhiri zisizojazwa, kwa sababu fungu la mishahara halitoshi kuajiri. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu nalo linataka kila kozi iwe na walimu wenye sifa na vifaa kabla ya kuidhinishwa. Chuo kipya cha mkoani kinachotaka kufungua kozi ya uhandisi au ya uuguzi kinasubiri walimu. Walimu wanasubiri mishahara. Mishahara inasubiri Kampala. Mtoto wa Soroti au wa Arua anayeona chuo kipo kilomita chache kutoka kwao anagundua kwamba kozi anayoitaka haijafunguliwa, au imefunguliwa na inachukua wachache. Vyuo hivi nimevifurahia sana: Gulu mwaka 2002, Busitema mwaka 2007, Muni mwaka 2013, kisha Kabale, Lira na Soroti, na Mountains of the Moon pale Fort Portal iliyofanywa ya umma mwaka 2022. Vimesogeza elimu karibu na nyumbani. Lakini zile nafasi 4,000 hazikuongezwa vilipozaliwa. Ziligawanywa upya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wilaya pia, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu nyingine kidogo, kwa kuwa ndiyo inayonikera kuliko zote. Mwaka 2005 serikali ilileta utaratibu wa nafasi za wilaya, ili watoto wa maeneo yaliyoachwa nyuma wasimezwe na shule kubwa za Kampala na Wakiso. Katika zile 4,000, zipatazo 1,000 zikatengwa: 64 za watu wenye ulemavu, 40 za wanamichezo, na 896 za wilaya. Kwa nini 896? Uganda ilikuwa na wilaya 56 mwanzoni mwa mwaka ule. Gawanya 896 kwa 56, unapata 16 kamili. Leo wilaya zimepita 130, na majiji mapya yameongezwa juu yake. Gawanya tena. Unapata sita na kitu. Mgao wenyewe huzingatia idadi ya watu, kwa hiyo wilaya ndogo inaweza kupata pungufu ya hapo. Kila mara wilaya mpya ilipotangazwa, watu walichinja ng'ombe, wakacheza ngoma, wakapata ofisi, gari na mbunge mwanamke. Sina neno na sherehe zao. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba idadi ya watoto wao watakaosomeshwa na serikali inapungua siku hiyohiyo.

Tena nafasi hizo chache zinanyemelewa. Mtoto aliyesoma maisha yake yote katika shule ya bweni ya gharama kubwa karibu na Kampala anarudi kwenye wilaya ya babu yake na barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, anashindana na yule aliyesoma kwa taa ya mafuta palepale kijijini. Orodha hubandikwa wilayani ili watu wapinge majina yasiyo ya kweli. Mzazi gani atasafiri nusu siku kwenda kusoma ubao, na akisoma, atampinga mtoto wa nani?

Mwaka huohuo wa 2005 ukaja uamuzi mwingine: asilimia 75 ya ufadhili wa serikali iende kwa kozi za sayansi. Naelewa sababu. Nchi inahitaji madaktari, wahandisi, wataalamu wa kilimo, na mimi mwenyewe nimelala hospitali ya wilaya ambayo daktari alikuwa mmoja. Lakini tazama unavyofika huku. Sayansi inahitaji maabara, na shule nyingi za serikali vijijini zina chumba kilichoandikwa "maabara" ambacho ndani mna meza na vumbi. Watoto wa shule hizo wanasoma masomo ya sanaa kwa kuwa ndiyo yanayoweza kufundishwa kwa chaki. Kwa hiyo robo tatu ya ufadhili inawapita wakiwa bado kidato cha tano, kabla hawajaandika hata jibu moja la mtihani. Robo iliyobaki, hata ukihesabu kwa ukarimu, ni nafasi 1,000 hivi kwa nchi nzima: sheria, biashara, ualimu wa sanaa, uandishi wa habari, lugha, ustawi wa jamii, zote humo. Yule binti wa 40.8 alikuwa anagombea kipande cha kipande.

Mikopo ingeweza kumsaidia. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014 na ikaanza kutoa mikopo mwaka huohuo wa masomo. Wazo ni zuri, na napenda jinsi bodi inavyotazama hali ya nyumbani kwa mwombaji badala ya alama peke yake. Mkopo unalipa ada ya masomo, ada ndogondogo na gharama ya utafiti. Chakula na malazi haulipi. Na umeelekezwa kwenye sayansi na teknolojia. Mwombaji wa masomo ya sanaa hupewa kama ni mtu mwenye ulemavu. Kwa hiyo mlango wa pili nao ulifungwa mbele ya mwanafunzi wangu, kwa sababu ileile iliyofunga wa kwanza.

Hapa ninazungumza kama mwalimu wa Kiswahili na sitazunguka. Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Tulishangilia huku mpakani, mimi nikiwa wa kwanza. Sasa walimu hao watatoka wapi? Wanafunzi wangu wanaotaka kukifundisha hutazama Makerere na Kyambogo, na wanakuta nafasi za serikali za kuhesabika, mkopo hakuna, na wakimaliza kwa taabu wanaingia kazini ambako mwalimu wa sayansi mwenye digrii amepandishiwa mshahara hadi milioni nne tangu mwaka 2022 na wao wamebaki na takriban robo ya hiyo. Serikali imeagiza lugha, haijalipia wa kuifundisha.

Najua jibu litakalokuja: fedha hakuna, madeni yamekuwa makubwa, riba inakula sehemu kubwa ya bajeti. Ni kweli, na sitadai kwamba nafasi 4,000 zigeuke 40,000 mwakani. Kuongeza wanafunzi bila kuongeza wahadhiri na madarasa ni kuwadanganya watoto. Ninachodai ni kwamba hata kwa fedha hizihizi mgao unaweza kuwa wa haki zaidi. Asilimia kubwa ya nafasi za alama za kitaifa huchukuliwa na watoto wa shule zenye maabara, maktaba na walimu wa kutosha, ambao wazazi wao wamelipa mamilioni kwa muhula tangu kidato cha kwanza. Mzazi aliyelipa hivyo kwa miaka sita anapumzika mtoto anapofika chuo kikuu, maana sasa serikali inamlipia. Mama wa mitumba, aliyesomesha kwa mpango wa bure kwa sababu hana, ndipo anaanza kulipa. Mtoto mwenye akili wa tajiri apewe heshima yake na nafasi yake, na bili apelekewe baba yake. Bodi ya mikopo tayari ina njia ya kupima uwezo wa familia. Njia hiyo itumike kwa ufadhili wote wa serikali, na kinachookolewa kifungue mikopo kwa walimu wa sanaa na kiongeze nafasi za kila wilaya zifikie tena 16.

Kwa walio na mtoto kidato cha sita sasa hivi, ninayowaambia ni machache. Msijaze kozi kwa jina zuri. Kaeni na mwalimu mpige uzito wa kila kozi, kwa kuwa C ileile inaweza kuwa pointi 12 hapa na pointi 4 pale. Vyuo vya mikoani msividharau: kozi nyingi mstari wake uko chini kuliko wa Makerere, na kulala kwa shangazi kunapunguza nusu ya gharama. Orodha ya wilaya ikibandikwa, nendeni mkaisome. Na barua ya kukubaliwa ikija, someni ukurasa wa pili kabla ya kuwapigia ndugu.

Kwa wanaouliza tufanye nini kuhusu bajeti yenyewe, Juni tumechelewa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015 inataka rasimu ya mfumo wa bajeti iwe imefika Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba, makadirio kufikia tarehe 1 Aprili, na yapitishwe kabla ya Mei kuisha. Ile hotuba ya Juni inasoma yaliyokwisha kuamuliwa. Vikao vya wilaya na mikoa vya kukusanya maoni hufanyika miezi kadhaa kabla ya Desemba, na vile nilivyohudhuria vilijaa maombi ya barabara, daraja na kituo cha afya, mambo ya haki kabisa, lakini sikuwahi kusikia mtu akitaja 896. Sisi wazazi na walimu wa shule yetu tumekubaliana kwenda na karatasi ya ukurasa mmoja: idadi ya watahiniwa wetu, idadi ya waliopata masomo makuu mawili, idadi ya waliopata ufadhili, na idadi ya walioripoti chuoni. Namba tatu za kwanza mwalimu mkuu anazo ofisini. Ya nne tunaitafuta kwa kuwapigia wanafunzi wenyewe, mmoja mmoja, na tumeshafika kwenye herufi ya M.